Rosa Mistika Ufukoni mwa Ziwa Nyasa: Baba, Binti na Nidhamu ya Kanisa

Utangulizi

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971, na tangu hapo imekuwa na maisha ya taabu mbele ya watu wa dini. Kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, maana ilihesabiwa kuwa kitabu cha matusi. Baadaye ikarudishwa, na vijana wengi wa sekondari wakaisoma kwa ajili ya mtihani. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, Ukerewe, akapata sehemu ya elimu yake katika seminari ya Kikatoliki, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akafariki dunia Januari 2020. Wahakiki wa fasihi wamekwisha kuandika mengi juu ya kitabu hiki. Sisi wachungaji tumeandika machache, na hayo machache kwa kawaida yamekuwa maonyo tu.

Makala hii inakusudia kukihakiki kitabu hicho kwa jicho la theolojia ya kichungaji, na kukisoma mahali ambapo hakikuandikiwa: katika milima ya Mbinga kwa Wamatengo, na katika ufuko wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, kutoka Lituhi kupita Liuli hadi Mbamba Bay. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni mbili. Kwanza, mazingira ya kitabu yanafanana na ya huko: kijiji kando ya ziwa, majina ya ubatizo kwa kila mtoto, baba anayekunywa fedha ya nyumba, na binti anayepelekwa shule ya mbali akiwa hana mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. Pili, huko Ukristo si mgeni. Umatengo umehubiriwa na Wabenedikto tangu miaka ile ile ambayo Kigonsera ilianzishwa, yaani mwisho wa karne ya 19. Na ufuko ulihubiriwa na misheni ya UMCA iliyokuwa na kituo chake kikuu kisiwani Likoma. Hadi leo Wakatoliki ndio wengi milimani, Waanglikana ni wengi ufukoni, na sisi Walutheri tu wachache kati yao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mabinti wanaoharibikiwa huko ni watu ambao Injili haijawafikia. Injili imewafikia. Swali ni kwamba iliwafikia kwa mlango gani wa nyumba.

Dai la makala hii ni moja. Kezilahabi anamsimamisha baba na binti pamoja mbele ya kiti cha hukumu. Nidhamu ya kanisa letu, kama inavyotekelezwa katika sharika nyingi, humsimamisha binti peke yake. Katika jambo hilo riwaya iliyoitwa chafu imekuwa na haki kuliko sisi.

Barua ambayo Rosa hakuiandika

Kwa wale waliosahau hadithi, au ambao hawakuisoma kwa sababu ya marufuku, yafaa kuikumbusha kwa ufupi. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Zakaria ni mlevi, naye humpiga mkewe. Siku moja Rosa anapokea barua ya mapenzi kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Baba anaigundua, anampiga binti kipigo cha kikatili na kumwaibisha. Tangu siku ile Rosa anawaogopa wanaume. Anapelekwa shule ya bweni ya wasichana huko Mwanza, na hofu ile anaendelea nayo mpaka wenzake wanamcheka. Kisha hofu inageuka. Anaingia katika mahusiano na wanaume, mmoja baada ya mwingine. Akiwa chuo cha ualimu, hata mkuu wa chuo anamtumia. Anatoa mimba. Baadaye anataka kutengeneza maisha yake, na yule Charles wa zamani anakuja kumchumbia. Lakini anapojua historia yake, anamkataa. Rosa anajiua. Mwishoni mwandishi anatupeleka mbinguni, ambako baba na binti wanashitakiana mbele ya Mungu.

Wasomaji wengi wamekifupisha kitabu hiki kuwa fundisho la malezi: wazazi wasiwafungie mabinti mno, maana wakifunguliwa watapotea. Fundisho hilo limo, na mwandishi mwenyewe halifichi. Lakini ukilishika hilo tu, utakuwa umesoma nusu ya kitabu. Kipigo cha barua ni mfano wa mambo yote yanayofuata. Barua ile hakuiandika Rosa. Ameipokea tu, na aliyeiandika ni mwingine. Hata hivyo fimbo inashuka juu ya mgongo wake. Rosa anaadhibiwa kwa jambo ambalo lilitendwa kwake na mtu mwingine, na anayemwadhibu ni yule ambaye alipaswa kuwa kinga yake. Utaratibu huo unarudiwa katika kila sura ya maisha yake. Mkuu wa chuo anatenda, na anayeharibikiwa ni mwanafunzi. Wanaume wengi wametenda, na anayekataliwa na mchumba ni mwanamke. Charles, aliyeianzisha habari yote kwa barua yake, ndiye anayeifunga kwa kumkataa.

Mwandishi amelisema hilo pia kwa majina. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto. Regina, jina la mama, maana yake ni Malkia, nalo ni la litania ile ile. Malkia huyo hupigwa na mumewe. Deogratias, mmoja wa wanaume wanaomharibu Rosa, jina lake maana yake ni "Mungu ashukuriwe". Zakaria ni jina la Kiebrania lenye maana ya kwamba Bwana amekumbuka, na mwenye jina hilo ndiye anayejisahaulisha kwa pombe. Kwa hiyo nyumba ya Zakaria imejaa sala kuanzia mlangoni hadi jikoni, lakini sala hizo zimebaki katika cheti cha ubatizo. Baadhi yetu tuliuona huo kuwa ni kejeli dhidi ya dini. Mimi nauona kuwa ni shitaka ambalo nabii yeyote angeliweza kulitoa: watu waitwao kwa jina la Bwana, na jina hilo halina nguvu katika chumba wanamolala.

Milimani na ufukoni

Tuchukue sasa kitabu hiki hadi Mbinga. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngolo, yaani mashimo yanayochimbwa juu ya miteremko ili maji ya mvua yasichukue udongo. Wanaume hukata majani na kuyapanga katika miraba. Wanawake huyafunika kwa udongo wanaouchimba katikati, na shimo hubaki. Kazi hii ni ya kustaajabisha, na wataalamu wa kilimo wa ndani na nje wameisifu. Lakini sehemu kubwa ya jasho lake ni ya wanawake, na mazao yake, mahindi na maharagwe, ndiyo chakula cha nyumba. Kahawa, iliyoanza kulimwa huko miaka ya 1920, ndiyo iletayo fedha, nayo tangu mwanzo ilikuwa mali ya wanaume. Hivyo katika nyumba moja kuna hazina mbili: ya tumbo iliyo mikononi mwa mama, na ya mfuko iliyo mikononi mwa baba. Fedha ya kahawa huja kwa mara moja baada ya mavuno, na mahali pa kwanza inapopita mara nyingi ni kilabuni.

Ufukoni sura ni nyingine, lakini mwenendo ni ule ule. Mvuvi hupata fedha yake alfajiri, usipa unapofika mchangani. Mama huununua, huuanika na kuuchuuza ili watoto wapate unga na madaftari. Aliyepata fedha asubuhi ana mchana mzima wa kuitumia. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeleta nafuu kubwa kwa wagonjwa na wafanya biashara, wala hakuna mwenye akili atakayeilaumu. Lakini kila njia ipitishayo dawa hupitisha pia chupa, na wageni wenye fedha hulala pale ambapo binti wa mtu anatandika vitanda kwa ujira mdogo.

Hapa yapasa tuseme jambo ambalo riwaya imeligusa kwa upande mmoja tu. Kezilahabi ameuona ulevi wa baba. Lakini katika vijiji vyetu pombe pia ni ada ya shule. Mama ambaye fedha ya kahawa haimfikii hupika pombe ya mahindi au huuza ulanzi ili binti yake avae sare. Binti huyo hukua akiipokea mitungi, akiosha vikombe, akihudumia watu wazima walevi tangu hajavunja ungo. Macho ya walevi humzoea, naye huzoea macho yao. Siku moja huonja. Siku nyingine huambiwa anywe ili mteja afurahi. Miaka ile ambayo pombe kali ilikuwa ikiuzwa katika vifuko vidogo vya plastiki vilivyoitwa viroba, kabla Serikali haijavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, kilevi kilikuwa kikiuzwa kwa bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu, na kikafichika katika mfuko wa sketi. Viroba vimekwisha, lakini kiu iliyofundishwa na viroba haikuondolewa kwa tangazo. Basi tunapomwona msichana wa miaka 17 akiyumba njiani, tusianze kusema kwamba ameiga mji. Huenda alijifunza nyumbani, akiwa kazini kwa ajili ya ada yake mwenyewe.

Na kipigo? Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15, na 17 katika kila 100 waliwahi kutendewa ukatili wa kingono. Uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10 waliotendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hesabu hizi ni za taifa zima, wala si za Ruvuma peke yake. Lakini mchungaji yeyote anaweza kuzipeleka katika usharika wake Jumapili, akahesabu viti vya kinamama na vya kwaya ya vijana, akaona maana yake.

Wazee wa Kimatengo walikuwa na baraza liitwalo sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, na baada ya kula walizungumza mambo ya ukoo, waliamua magomvi na kuwafundisha vijana. Mume mkatili aliweza kuulizwa huko, kwa maana alikuwa amekaa na waliomzidi umri akila nao sahani moja. Kadiri kila nyumba ilivyojitegemea kwa kahawa yake na shamba lake, sengu ilidhoofika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliofanya kazi Mbinga waliliona hilo, wakajaribu kuitumia sengu kwa upya kama njia ya maendeleo ya kijiji. Ni jambo jema. Lakini tusiipambe sengu kuliko ilivyokuwa: wanawake walipika chakula chake, na wanaume walitoa maamuzi yake. Binti aliyeumizwa alizungumzwa pale. Yeye mwenyewe hakuzungumza. Sengu iliweza kumwuliza Zakaria. Rosa isingemwuliza.

Hapa kanisa lingeliweza kuingia na kuongeza kile kilichopungua. Je, liliingia hivyo?

Amri ya nne na nidhamu ya kundi

Katika Katekisimo tunafundisha kuwa amri ya nne ni ya kuwaheshimu baba na mama. Kipaimara chote huijua kwa moyo. Lakini wachache huendelea mpaka Katekisimo Kubwa, ambako Luther, akimaliza kueleza amri hiyo, anawageukia wazazi wenyewe na kuwakemea kwamba wanawafanya watoto kama mali ya kujifurahisha nayo, hali Mungu amewapa kama amana ambayo watatolea hesabu. Na mwaka 1522, akiandika juu ya maisha ya ndoa, alimsifu baba anayefua nepi za mtoto huku watu wakimcheka, akasema kwamba Mungu pamoja na malaika huifurahia kazi hiyo ikitendwa kwa imani. Kwa Luther, ubaba ni utumishi. Baba asiyehudumia ameiacha madhabahu yake. Mtume naye, mara baada ya kuwaagiza watoto watii, anawaagiza akina baba wasiwachokoze watoto wao (Efe. 6:1–4). Tunahubiri aya tatu za kwanza kila mwaka. Aya ya nne imekuwa mgeni mimbarani.

Matokeo yake yanaonekana katika nidhamu ya kanisa. Desturi inajulikana. Binti akipata mimba nje ya ndoa, huzuiliwa Meza ya Bwana. Baada ya kujifungua na kukaa kwa muda uliowekwa, husimama mbele ya usharika, huungama, hupokewa, na tunasema kwamba amerudi kundini. Sisemi kwamba toba ya hadharani haina msingi. Kanisa la kale liliijua. Nasema kwamba jinsi tunavyoitumia, dhambi inayohukumiwa ni ile tu inayokua na kuonekana. Mimba ni barua iliyokutwa mkononi mwa binti: aliyeiandika hayupo. Mara nyingine yupo, tena ameketi katika kiti cha tatu kutoka mbele, na sadaka yake imeandikwa katika daftari. Na baba ambaye nyumba yake ilimfundisha binti huyo kwamba mwili wake ni wa yeyote mwenye nguvu, huyo hatukumwita hata kumwuliza. Hakuna baraza la wazee wa kanisa lililowahi kumzuilia mtu Meza ya Bwana kwa muda wa miezi kadhaa kwa sababu alimvunja mkewe mkono, kama mazoea yanavyomzuilia binti kwa sababu ya tumbo. Au kama liko, ni nadra kiasi kwamba wanafunzi wetu hawajajifunza utaratibu wake.

Hapo ndipo sheria ya nchi imetutangulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa mwaka ule ule riwaya ilipochapishwa, inasema katika kifungu cha 66 kwamba mwenzi wa ndoa hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Sheria hiyo hiyo iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15; Mahakama Kuu ililikataa jambo hilo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Na kwa miaka mingi msichana mwenye mimba alifukuzwa shule moja kwa moja, mpaka Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi baada ya kujifungua. Tazama mwenendo huu: polepole, na kwa kusitasita, sheria imehama kutoka kumtazama aliyeipokea barua hadi kumtazama aliyeiandika. Sisi, tulio na Injili, tungalipo pale pale.

Mtu atasema: sheria ni kali, lakini vijijini mambo husuluhishwa kimya, na mwenye kosa hulipa ng'ombe au fedha kwa baba wa binti. Ndivyo. Na kwa nani hulipwa? Kwa baba. Binti huyo tena si mdai. Ni mali iliyoharibiwa ambayo mwenyewe amefidiwa. Hadithi ya Tamari katika 2 Samweli 13 ni ya namna hiyo hiyo. Amnoni anatenda, Absalomu anamwambia dada yake anyamaze, na Daudi baba yao, anaposikia, anakasirika sana, lakini hatendi lolote. Phyllis Trible, katika kitabu chake cha mwaka 1984 juu ya maandiko ya kutisha, alitufundisha kuisoma sura hiyo tukimsikiliza Tamari mwenyewe. Ukiisoma hivyo, utaona kwamba yeye peke yake katika sura nzima ndiye anayesema maneno ya akili na ya imani. Hasira ya Daudi isiyozaa tendo ndiyo hasira ya mabaraza yetu mengi.

Mapungufu ya riwaya

Uhakiki usioona kasoro ni sifa tu, na kitabu hiki kina kasoro ambazo mchungaji lazima azijue kabla hajakiweka mikononi mwa vijana.

Ya kwanza ni kwamba Regina amepewa nafasi ndogo. Tunamwona akipigwa, akivumilia na kulea. Lakini hatujui anafikiri nini juu ya Mungu ambaye jina la mamaye amepewa yeye na binti yake. Mwandishi amemsikiliza baba zaidi ya mama. Katika ufuko wa Nyasa, ambako mama ndiye anayesimama kati ya ziwa na njaa, msomaji ataona pengo hili mara moja.

Ya pili ni kwamba njia ya Rosa kutoka kipigo hadi kifo imenyooka mno. Fimbo ilileta hofu, hofu ikaleta uasherati, uasherati ukaleta kukataliwa, kukataliwa kukaleta kifo. Maisha hayako hivyo. Wako mabinti wengi waliopitia mkono mzito wa baba, wakapitia na ulevi, nao leo ni wauguzi, walimu na wainjilisti. Kinachowatofautisha mara nyingi ni mtu mmoja tu: shangazi, mwalimu, mtawa, mke wa mchungaji, aliyewasikiliza bila kuwauliza kwanza kama wametubu. Rosa hakupewa mtu huyo. Kijana anayesoma kitabu hiki akiwa peke yake anaweza kudhani kwamba mwisho wa Rosa ndio mwisho wa lazima. Kwa hiyo nasema kisomwe kikundini, pamoja na mtu mzima mwenye moyo wa huruma, wala kisiachwe chini ya mto.

Juu ya kifo chake yafaa tuongeze neno. Katika sharika nyingi aliyejiua hazikwi kwa ibada, na familia hubeba aibu juu ya msiba. Luther, katika Mazungumzo ya Mezani, alikataa kusema kwamba kila ajiuaye amepotea. Alimfananisha na mtu aliyevamiwa na mnyang'anyi porini. Kama ndivyo, kaburi la binti kama Rosa ni mahali pa kumtafuta mnyang'anyi, na mahali pa kanisa kulia pamoja na waliao.

Kasoro ya tatu ni ya kitheolojia, nayo ndiyo kubwa. Mahakama ya mbinguni katika mwisho wa kitabu ina ujasiri mkubwa: baba hakufichwa nyuma ya heshima ya ubaba wake, na binti hakuzuiwa kusema. Penina Muhando naye, katika tamthilia yake Hatia ya mwaka 1972, alileta jukwaani swali hili la nani mwenye hatia pale msichana anapopata mimba. Kizazi kile cha waandishi kiliuliza vizuri. Lakini swali la nani wa kulaumiwa haliponyi mtu. Baba akionekana mkosaji, binti bado amekufa; binti akionekana mkosaji, baba bado ni mlevi. Sheria ya Mungu inafanya kazi yake pale: inawavua wote wawili. Injili ingalipo mbele, na mwandishi hakutufikisha huko. Simlaumu kwa hilo, kwa sababu kazi ya kutangaza msamaha hakukabidhiwa yeye. Tulikabidhiwa sisi.

Katika Luka 7, Simoni Mfarisayo anaona mwanamke na dhambi zake. Wanaume waliohusika na dhambi hizo hawamo katika mawazo yake. Bwana anamwuliza Simoni kama amemwona mwanamke huyu. Kisha anahesabu yale ambayo mwenye nyumba hakuyafanya: hakutoa maji, hakutoa busu, hakutoa mafuta. Hesabu inafunguliwa kwa mwenye nyumba kabla msamaha haujatamkwa kwa mwanamke. Huo ndio utaratibu ambao nidhamu yetu imeupindua.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutoka katika usomaji huu. Barazani, kila shauri la binti lianze na nyumba yake: wazee waende huko, wamwone baba, wamwulize juu ya pombe na fimbo, na wasimzuilie binti Meza ya Bwana kabla hawajamaliza kazi hiyo. Na pale ambapo uhalifu umetendwa, hasa juu ya mtoto, baraza lisijifanye mahakama. Limsindikize binti na mama yake polisi na hospitali, wala lisipokee suluhu ya ng'ombe. Katika mafundisho, amri ya nne ifundishwe pamoja na wajibu wa wazazi, na mafundisho ya ndoa yataje waziwazi kwamba kumpiga mke ni dhambi inayomzuia mtu asikaribie Meza. Na milimani Mbinga na ufukoni, ambako sisi ni wachache, tusijenge sengu yetu ndogo ya Kilutheri kando ya wengine. Baba mlevi wa Litembo au wa Liuli hatujali kama ni wa padre au wa mchungaji. Wakleri wa makanisa matatu wakiketi pamoja, na kinamama wakiketi nao wakiwa na sauti, atapungukiwa na mahali pa kujificha.

Kwa wanafunzi wa theolojia nasema: kisomeni kitabu hiki kabla hamjapelekwa usharikani. Mtakutana na Rosa katika mwezi wa kwanza. Ataletwa kwenu na wazee, ameinamisha kichwa, na daftari la nidhamu litakuwa limefunguliwa mezani. Kabla hamjaandika jina lake, ulizeni baba yake yuko wapi.